Uliza Bei Kabla ya Kula

Na Karani wa Sondu

Watu wengi wa sehemu hizi zetu za Sondu huenda Kisumu kwa shughuli mbalimbali. Wengine huenda hospitali, wengine hupeleka watoto shule, wengine hufuata mambo ya ardhi katika ofisi za Serikali. Shughuli zikiisha, au kabla hazijaisha, njaa huwauma, nao huingia hotelini kula. Jambo hili ni dogo machoni pa watu, wala si mara nyingi huandikwa gazetini. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu ya kwamba mkulima aweza kupoteza kwa mlo mmoja na usiku mmoja jasho la miaka mitatu. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wanivumilie niwasimulie yaliyotupata mimi na mjomba wangu katika mji wa Kisumu, kisha niseme mafunzo tuliyoyapata.

FAHALI WA MJOMBA

Mjomba wangu ni mkulima wa Nyakach. Hakusoma sana, lakini hesabu za ng'ombe na za magunia azijua kuliko sisi makarani. Kwa desturi ya Wajaluo mtoto wa dada ni mtu wa karibu sana na ndugu wa mama yake. Yeye huniita "okewo", nami humwita "nera". Mama yangu alipokufa, mjomba ndiye aliyenilipia karo mpaka nikamaliza shule ya misheni. Deni lake kwangu haliwezi kulipika kwa fedha.

Siku moja ya soko alileta Sondu fahali wake mwekundu aliyemlea kwa miaka mitatu. Sondu, kama wasomaji wajuavyo, ni soko lililo karibu na mto Miriu, mpakani mwa Kaunti ya Kisumu na Kaunti ya Kericho. Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii hukutana hapo kuuza na kununua ng'ombe, mahindi, ndizi na samaki. Mchuuzi wa kwanza alitaja shilingi 36,000. Mjomba akacheka tu. Akaja wa pili, akaja wa tatu; wakampapasa fahali mgongo, wakamtazama meno, wakaondoka, wakarudi. Tangu saa tatu hata saa sita mjomba alisimama juani akibishana nao kwa adabu na kwa mzaha, na mwisho akauza kwa shilingi 46,000. Hakuna aliyemdharau kwa sababu ya kubishana. Bali wachuuzi walimsifu wakisema, "Mzee huyu ajua mali yake."

Fedha zile zilikuwa na kazi yake. Shilingi 30,000 zilikuwa karo ya binti yake aliye katika shule ya sekondari. Shilingi 12,000 zilikuwa za mbolea, kwa maana mvua za masika zilikuwa karibu. Zilizobaki, yaani 4,000, zilikuwa za nauli na matumizi. Tulikusudia kulala kwa rafiki yangu Kisumu, na asubuhi yake tuweke karo benki, kisha tununue mbolea na kurudi. Tukapanda matatu, tukapita Katito na Ahero, na yapata saa nane za mchana tukashuka Kisumu. Nauli yetu sote wawili ilikuwa shilingi 400.

SAMAKI ASIYE NA BEI

Mji wa Kisumu umezoea kulisha wasafiri. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani katika mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati ule, na tangu siku hizo watu wa meli, wa gari la moshi na wa motokaa wamekuwa wakitua hapo wenye njaa. Kisumu uliitwa jiji katika mwaka 2001. Katika mwezi wa Mei 2022 ulipokea mkutano mkubwa wa miji ya Afrika, Africities, na wageni walikuja kutoka nchi nyingi. Leo utaona hoteli za kila namna: za ghorofa na vioo, na za mabati ambamo mama mmoja na karai lake la mafuta hulisha wateja wake.

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilivyokuwa ufuoni. Jina lile kwa Kijaluo maana yake ni nzi, na mtu asiyekuwa mwenyeji angedhani ni mahali pa kukimbia. Lakini watu walijaa. Mgeni alipofika alionyeshwa samaki waliopangwa, akachagua mmoja kwa kidole, akauliza bei, wakapatana, ndipo samaki akaingia karaini. Desturi hiyo ilikuwa njema sana, nami nasikitika kwamba siku ile sikuikumbuka.

Mimi, kwa kutaka kumheshimu mjomba, sikumpeleka kwenye kibanda. Nilimpeleka kwenye hoteli moja yenye vitambaa vyeupe mezani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kusudi langu si kuharibu biashara ya mtu. Tukaketi. Akaja msichana mwenye adabu, akatuuliza twataka nini. Nikasema, "Samaki mkubwa wa kukaanga, mmoja kwa kila mtu, na ugali na mboga." Hapakuwa na bei iliyoandikwa ukutani wala mezani. Neno "ni kiasi gani?" lilifika ulimini mwangu, nikalimeza. Nilifikiri moyoni: mimi ni karani wa Serikali, nimevaa koti, mjomba ananitazama, nikiuliza bei, watu wa meza ya pili watasema sina kitu.

Samaki walikuwa wazuri, sikatai. Walikuwa ngege wanono, waliokaangwa kisha wakatiwa nyanya na vitunguu. Mjomba alikula mpaka akanyonya vichwa. Kisha ikaja karatasi. Samaki wawili, shilingi 2,800. Ugali wa watu wawili, 200. Mboga, 200. Soda mbili, 160. Utumishi, 340. Jumla, shilingi 3,700.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Binti yangu, samaki huyu ana pembe?" Msichana akatabasamu, lakini niliona hofu machoni pake. Akaitwa msimamizi. Nikamwambia kwamba bei hiyo haikutajwa, na kwamba hatukuambiwa kuwa kuna malipo ya utumishi. Yeye akajibu, "Hamkuuliza. Samaki wametoka jikoni, nanyi mmewala. Kama hamlipi, nitakata mshahara wa huyu msichana, kwa sababu ndiye aliyewahudumia."

Nilikuwa tayari kubishana zaidi. Lakini mjomba alikwisha kutoa fedha na kuziweka mezani. Akaniambia kwa Kijaluo, "Okewo, huyu ni mtoto wa mtu. Sisi tulikula, yeye hakula." Tukatoka. Mpaka leo nakumbuka uso wa msichana yule kuliko ladha ya samaki.

USIKU WA SIFA

Laiti mambo yangeishia hapo. Jioni rafiki yangu alitualika kwenye klabu ya usiku iliyo pembeni mwa mji, ambako bendi ilikuwa ikipiga ohangla na benga. Mimi sinywi pombe, lakini mjomba hunywa kidogo, na muziki aupenda tangu ujana wake. Yeye ni wa kizazi kilichokua kikisikiliza gitaa za D. O. Misiani, yule aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufa kwa ajali ya motokaa Kisumu katika mwaka 2006. Kiingilio kilikuwa shilingi 200 kwa mtu. Mjomba alilipa chake na changu.

Wasomaji wasio Wajaluo huenda hawajui desturi iitwayo pakruok. Zamani mpiga nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, alipokuwa akiimba katika karamu, mtu aliweza kumsimamisha kwa kumtuza, kisha akasimama mbele ya watu na kujisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, rafiki zake ni akina nani, shemeji zake wanatoka wapi. Akimaliza, muziki huendelea. Desturi hii imehamia katika klabu za mjini. Fedha hutolewa, ngoma hunyamaza, na mtu ambaye mchana hakuna anayemtazama husikilizwa na watu wote kwa dakika moja.

Mjomba alitoa shilingi 1,000, akasimama. Sikujua atakalosema. Akasema, "Mimi ni ndugu wa yule binti aliyebeba maji ya Miriu kwa kichwa chake, akanipa mimi kwanza ninywe. Amelala, lakini mtoto wake ameketi hapa na kalamu mfukoni." Alikuwa akimsema marehemu mama yangu. Watu wakashangilia, na mimi nikainama ili wasinione machozi. Fedha hiyo ya kwanza siioni kuwa imepotea. Lakini kwa sababu ya machozi yale nilikosa nguvu ya kumzuia katika yaliyofuata.

Kwa maana palikuwa na bwana mmoja mgeni, aliyekuja kwa motokaa kubwa, naye akasimama kujisifu kwa ng'ombe zake. Mjomba hakukubali kushindwa. Alisimama mara ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na kila mara shilingi 1,000. Vijana watatu tusiowajua wakahamia mezani petu wakimwita "Jaduong'", yaani mzee mwenye heshima. Kila walipomwita hivyo, chupa ziliongezeka. Mtumishi wa baa alikuja mara kwa mara akisema, "Wazee, niondoe chupa tupu, meza iwe safi." Nasi tukamshukuru kwa usafi wake.

Saa sita za usiku ikaja hesabu: chupa 23, kila moja shilingi 300, jumla 6,900. Nikatazama mezani. Palikuwa na chupa nne tu. Huenda walikunywa 23, huenda walikunywa 15. Hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu mashahidi wetu, yaani chupa zenyewe, walikwisha kuondolewa. Vijana watatu hawakuwapo tena. Mjomba akalipa.

HESABU YA ASUBUHI

Asubuhi tuliketi kitandani kwa rafiki yangu tukahesabu. Kutoka shilingi 46,000 tulitoa nauli 400, chakula 3,700, kiingilio 400, sifa 5,000 na pombe 6,900. Zilibaki shilingi 29,600. Karo ilipungua kwa shilingi 400. Niliziongeza mimi pamoja na nauli ya kurudi, kwa kuwa mwezi ulikuwa umefika mwisho nami sikuwa na zaidi. Karo ikalipwa. Mbolea haikununuliwa hata mfuko mmoja. Msimu ule mahindi ya mjomba yalikuwa ya manjano tangu yalipofika magotini, na shamba lililozoea kutoa magunia kumi lilitoa manne.

Tulipokuwa katika matatu tukirudi, mjomba alisema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Alisema, "Okewo, jana asubuhi nilibishana bei ya fahali kwa saa tatu, na hakuna mtu aliyeniita maskini. Mbona mchana nilinyamaza mbele ya samaki?"

Nimelitafakari sana swali hilo. Mkulima wetu akiwa sokoni ni mwerevu kabisa. Akiingia mahali penye kitambaa cheupe na kiti cha kuzunguka, werevu wake huuacha mlangoni pamoja na fimbo yake. Na sisi tuliosoma ndio wabaya zaidi, kwa sababu twaona haya kuuliza, kisha twawaambukiza haya hiyo wazee wetu. Hoteli ile haikutuibia samaki. Tuliibiwa na haya yetu wenyewe. Hata kule klabuni, nguvu iliyotuvuta ni ile ile: tuliogopa kuonekana wadogo.

YAPASAYO WAGENI

Kwanza, uliza bei kabla chakula hakijaingia motoni. Samaki hasa hana bei moja, kwa maana bei hufuata ukubwa wake, naye hukadiriwa kwa macho. Omba kumwona. Uliza pia ametoka wapi. Siku hizi samaki auzwaye Kisumu aweza kuwa amevuliwa ziwani, au amefugwa katika vizimba vya majini, au ameletwa katika barafu kutoka China. Wote huliwa, lakini si haki mtu alipe bei ya mmoja akapewa mwingine. Kuuliza si ujinga, na biashara haigombi.

Pili, uliza kama kuna malipo ya utumishi juu ya bei. Na ukiletewa mezani kitu ambacho hukukiagiza, sema mapema kwamba hukukiagiza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haimlazimishi mtu kulipia kitu asichokiagiza, nayo yakataza muuzaji kumdanganya mnunuzi. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, yatupa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kufaa, haki ya kupewa maelezo yatakiwayo, na haki ya kulindwa afya yetu na mali yetu. Maneno haya hayakuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao.

Tatu, katika baa, chupa tupu zikae mezani mpaka hesabu ilipwe. Meza iliyojaa chupa si uchafu bali ni daftari. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, wala usiache kinywaji chako kikiwa peke yake kisha ukarudi kukinywa. Wako wabaya wenye kutia dawa ya usingizi, ambayo watu wa mjini huiita "mchele", nao walioipata huamka hawana viatu wala simu. Lipa kila mzunguko unapoletwa. Hesabu ndogo haifichi mwizi.

Nne, ukilipa kwa simu, soma jina linaloonekana katika ujumbe kabla ya kuondoka. Tangu M-Pesa ianze katika mwaka 2007 wengi wetu hatubebi tena noti nyingi, na hilo ni jambo la usalama. Lakini namba ya mtumishi si namba ya hoteli. Ukimlipa mtu, hoteli yaweza kukudai tena.

Tano, usinywe pombe usiyoijua ilikotoka kwa sababu tu ni rahisi. Katika mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kitui na mahali pengine kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka macho. Sumu hiyo haitambulikani kwa ulimi, nayo huonekana maji safi kama maji ya kisima.

Sita, na hili nalisema kwa mjomba na kwangu pia: fedha yenye kazi isiingie klabuni. Ingalitupasa kuweka karo benki siku ile ile, au kuiacha kwa mtu mwaminifu, ndipo tukaenda kusikiliza muziki na shilingi elfu moja mfukoni. Sifa moja kwa ajili ya dada ilitosha.

YAPASAYO WENYE HOTELI

Sisemi kwamba makosa ni ya wageni tu. Mwenye hoteli aandikaye bei zake waziwazi hapotezi kitu. Mgeni aliyejua bei hurudi; mgeni aliyeshtushwa hutangaza. Mimi peke yangu nimewaeleza habari ya samaki wale watu wote wa ofisini kwetu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kula pale.

Kuhusu watumishi, nalisema kwa nguvu. Si haki mtumishi atumiwe kama ngao. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imetaja makato ambayo mwajiri aweza kuyafanya katika mshahara, kama vile hasara iliyotokana na uzembe au udanganyifu wa mtumishi mwenyewe. Haimpi mwajiri ruhusa ya kumkata msichana kwa sababu mgeni ameona bei kuwa kubwa. Mgeni naye asimkaripie mtumishi kwa bei ambayo si yeye aliyeipanga. Amwite msimamizi, waseme kwa adabu.

Tena pawe na maji ya kunawa na sabuni, kwa maana sisi hula samaki kwa mkono. Tangu Juni 1997 hata Machi 1998 kipindupindu kililipiga jimbo la Nyanza, na wagonjwa zaidi ya 14,000 wakalazwa hospitali. Ugonjwa ule huenda kwa maji machafu na kwa chakula kilichoshikwa na mikono michafu. Birika la maji ya moto mlangoni ni dawa nafuu kuliko zote.

Wajibu wa kuruhusu na kukagua mahali pauzwapo chakula na vileo ni wa Serikali za Kaunti, ambazo zilianza kazi katika mwaka 2013. Kwa hiyo mwenye malalamiko asiishie kunung'unika katika matatu. Aende ofisi ya afya au ya biashara ya kaunti, achukue karatasi yake ya hesabu, ataje siku na saa. Mimi ni karani, nami nawahakikishia: lalamiko lisilo na tarehe wala karatasi ni vigumu kulifuatia, lakini lenye hayo mawili humpa afisa mahali pa kuanzia.

UBAO WA SONDU

Namaliza kwa habari njema. Hapa Sondu iko hoteli ndogo ya mabati ambayo mimi na mjomba twaipenda. Mwenyewe ametundika ubao mweusi mlangoni, na kila asubuhi huandika kwa chaki: chai, mandazi, nyoyo, ugali na omena, ugali na nyama, samaki mdogo, samaki mkubwa, na bei ya kila kimoja. Huandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Mjaluo, Mkipsigis na Mkisii wote hula humo.

Wasomaji wanakumbuka kwamba katika mwaka 2023 palitokea ghasia katika mpaka huu wetu. Watu walipoteza maisha, na nyumba zilichomwa. Nilimwuliza mwenye hoteli kwa nini aliuweka ubao ule. Akanijibu, "Bwana Karani, mahali kama hapa mtu akidhani amelipishwa zaidi ya mwenzake, hatasema ni samaki, atasema ni kabila. Ubao huu wasema bei moja kwa watu wote, nami napata usingizi."

Juzi niliingia humo pamoja na mjomba. Mlango ulikuwa umejaa watu waliokuja kwa siku ya soko, hata ubao hauonekani vizuri. Mjomba hakuketi. Alisimama katikati ya chumba na fimbo yake mkononi, akauliza kwa sauti ile ile anayouzia ng'ombe, "Samaki mkubwa leo ni kiasi gani?"

Mwenye hoteli akataja bei. Mjomba akasema ni nyingi. Wakacheka, wakapatana, ndipo mjomba akavuta kiti. Vijana wawili waliokuwa mezani karibu nasi, ambao walikuwa wameketi kimya wakitazamana, wakainuka wakamfuata mwenye hoteli jikoni kuuliza bei ya nyama.